Pole Tatu za Kinyonga

Wanyama walipoanza kujitolea kuokoa wenzao, mwalimu wao wa huduma ya kwanza alikuwa Kinyonga, na somo lake halikubadilika: "Majeruhi mpe pole. Wewe mwenyewe nenda polepole."

Digidigi alikuwa mwepesi wa huruma, na miguu yake ilikuwa myepesi zaidi. Siku Nungunungu alipoteguka mguu akapiga yowe, Digidigi alichomoka darasani na mkoba wa dawa, mwalimu bado anainua hatua ya kwanza.

"Pole, ndugu yangu!" akamkumbatia.

Nungunungu hakuwa amemwona. Kwa kushtuka, alisimamisha miiba yote, na mmoja ulilikosa jicho la Digidigi chupuchupu.

Kinyonga alipofika, alimkuta Nungunungu anachechemea, huku anamchomoa Digidigi miiba kifuani na kumpulizia vidonda.

"Mgonjwa nani hapa?"

"Nilikuwa mimi, mwalimu," Nungunungu akajibu. "Huyu kanipokonya zamu."

Digidigi akainama. "Lakini mwalimu, pole nilimpa."

Kinyonga akamfunga bendeji taratibu. "Ile moja ya mdomoni ulikwenda nayo, mwanangu. Zile mbili za miguuni uliziacha darasani."