Bomba Namba Tisa

Bomba namba tisa lilikuwa pana kiasi cha kupitisha ng'ombe pamoja na mwenye ng'ombe, na kwa mujibu wa karatasi lilikuwa bomba la choo.

"Jamani, ngome hii ina watu elfu mbili tu," mchoraji alilalamika huku akichonga penseli. "Wanakula nini hawa?"

Chumba cha michoro kikaangua kicheko.

"Chora tu, Bibi Vyoo," mmoja akamjibu. "Na ukuta wake uhimili moto. Jemadari kasisitiza."

"Moto tena! Basi mpishi apunguze pilipili."

Miaka mitatu sasa, ndani ya ngome ya chuma iliyoelea katikati ya nyota, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: vyoo. Kwenye meza ya dirishani, penye mwanga mzuri, alikaa mdogo wake wa tumbo moja, Kidege, akichora Radi.

Radi ilikuwa silaha ya siri. Mdomo wake ulichomoza mbele ya ngome, mpana kama uwanja wa mpira, na ilisemekana kwamba ikipiga mara moja tu, sayari nzima ya waasi inageuka majivu. Ilikuwa siri kubwa kiasi kwamba hata wafagizi waliijadili.

Kila asubuhi Jemadari alipita kumsalimia Kidege, na chai alimletea kwa mkono wake mwenyewe. Bibi Vyoo aliposimama kumwamkia, Jemadari aliitikia huku akitazama saa.

"Dada, usinune basi," Kidege alimwambia.

"Nani kanuna? Uso wangu ndivyo ulivyo."

Ndivyo ulivyokuwa tangu utotoni. Waliwahi kuugua surua siku moja, kitanda kimoja. Majirani walikuja na pole zote wakampa Kidege. Yeye wakamwomba asogee kidogo.

Kilichomkera kuliko vyote ni kwamba Kidege alichora ovyo. Mistari yake ilitetemeka, vipimo vilikuwa vya kukisia. Michoro ya Bibi Vyoo, hata kama ni ya vyoo, ungeweza kuitundika sebuleni. Kila skrubu ilikuwa na kipimo chake. Herufi zilipangana kama siafu. Palipokuwa na udhaifu alizungusha duara jekundu na kuandika: *Hapa pakipigwa, panapasuka pote.* Pembeni, saini yake. Hakuna aliyewahi kuitazama.

Siku moja, Kidege alikwenda kula akaacha ufunguo wa kabati la Radi juu ya meza. Jambo hilo halikuwahi kutokea kabla.

Bibi Vyoo aliutazama ufunguo. Ufunguo nao ukawa kama unamtazama.

Waasi hakuwapenda wala hakuwachukia. Alitaka kitu kimoja tu: ijulikane kwamba michoro ya Radi imevuja kutoka mikononi mwa Kidege, Jemadari amnyang'anye meza ya dirishani, amkalishe kwenye vyoo. Naye aonje.

Akafungua kabati, akatoa nakala. Karatasi zilipokuwa zikitoka mashinini aliiona ile mistari inayotetemeka, akasonya. Alisimama kidogo, akafikiri, akarudi mezani kwake. Kisha akafunga mzigo ndani ya ovaroli chafu, akaupeleka kwa dobi.

Dobi huyo alikuwa na kaka wawili kwa waasi. Kila mtu ngomeni alilijua hilo na, cha ajabu, hakuna aliyewahi kumgusa.

"Dada, ovaroli moja hii ina uzito wa godoro," dobi akasema.

"Ina uchafu mwingi. Fua, usiulize."

Baada ya siku kumi na mbili, ving'ora vililia. Jemadari akawaita dada wote wawili kwenye chumba cha vioo. Nje, meli arobaini za waasi zilikuwa zinakuja mbio. Bibi Vyoo alimtazama mdogo wake kwa pembe ya jicho, akingoja pingu zitoke.

Pingu hazikutoka. Jemadari alimpa mkono yeye.

"Ahsante sana, bibie. Bila wewe tusingewanasa."

"Mimi?"

"Ningekuamuru uvujishe michoro, ungetetemeka, dobi angeshtuka. Lakini mtu mwenye wivu hupeleka mzigo kwa moyo wote."

Kidege akamshika bega. "Nisamehe, dada. Ufunguo niliuacha makusudi. Radi ni bati na rangi tu. Michoro inawadanganya kwamba udhaifu wake uko mdomoni; wakiingia humo, milango inafungwa, wameisha. Miaka mitatu nimechora pambo, nikikuonea wivu wewe mwenye kazi ya kweli."

"Kazi ipi? Vyoo?"

Jemadari alicheka mpaka nishani zikagongana kifuani. "Nani angeiba michoro ya vyoo? Silaha yenyewe ni bomba namba tisa! Tuliificha kwa mtu ambaye hakuna wa kumhusudu. Inasubiri hawa wanaswe, kisha tuigeuzie sayari yao."

Nje, meli ya mbele iliufikia mdomo wa Radi. Ikaupita bila hata kupunguza mwendo, ikapinda kuelekea chini, tumboni mwa ngome, kwenye mabomba ya vyoo. Thelathini na tisa zikaifuata.

Kicheko cha Jemadari kikakatika. "Wanakwenda wapi hawa?"

Bibi Vyoo alizifuata meli kwa macho.

"Niliwawekea na yangu," akasema taratibu. "Nilitaka waone nani kati yetu anajua kuchora."