Kibuyu cha Daktari Costancia

Kibuyu hakikutakiwa kupanda jukwaani. Binti wa itifaki alikiomba kwa adabu, mara mbili, na mara zote mbili Bibi Costancia alikibana kwapani, chini ya joho jekundu walilomvika.

"Mwacheni nacho," alisema Profesa Oswald. "Huyo bila kibuyu si yeye."

Basi akaketi nacho, kati ya balozi mstaafu na mwanasayansi wa anga aliyekuwa anasinzia, mbele ya watu waliojaza mahema ya chuo pale Mikumi. Leo wote watatu wangeitwa madaktari, kwa shahada za heshima. Yeye, mkulima wa Mvumi aliyeishia darasa la nne la misheni, alikuwa anapewa yake kwa kutunza miaka hamsini mtama mwekundu wa mama yake, mtama unaokomaa hata mvua ikinyesha mara tatu tu.

Na mtama huo hakuwa nao. Alijiona mwizi ndani ya lile joho.

Mafuriko ya mwaka jana yalibeba jiko lake zima, pamoja na vibuyu sita vya mbegu vilivyoning'inia kwenye moshi. Alipekua matope siku nne, akapata kibuyu kimoja, kitupu. Majirani hawakuwa na punje. Walishahamia mahindi ya dukani zamani, tena walikuwa wakimcheka. Hakumwambia mtu. Kwao, mtunza mbegu hatamki kwamba imekwisha, akitamka, ameizika. Kwa hiyo Profesa alipompigia simu kumpa habari ya shahada, akauliza, "Mtama upo, mama?" alijibu, "Upo, mwanangu." Kisha akakata simu, akalia.

Tumaini lake lilikuwa moja. Miaka thelathini nyuma Oswald, mwanafunzi mwenye viatu vya tope, alifika kwake na mfuko wa kitambaa kuomba mbegu. Alimjazia mpaka juu. "Itakaa kwenye chumba cha baridi cha chuo, mama," alimwambia. "Hata sisi tukifa, yenyewe ipo."

Lakini mbegu haiombwi kwa simu, wala mbele za watu. Mwombaji huja mwenyewe, na chombo chake, akasema faraghani. Ndiyo sababu ya kibuyu. Aibu ilimchoma, yeye wa kuombwa sasa anaomba. Ila zilibaki wiki tatu mvua zianze, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jina lake likaitwa. Profesa ndiye aliyesoma sifa zake.

"Dunia nzima," alisema, "mtama huu uko kwa mtu mmoja tu. Ni mama huyu."

Watu wakasimama, wakapiga makofi na vigelegele. Costancia aliinamisha kichwa, wakamvika kofia. Sifa za jukwaani, alijisemea, hazikosi chumvi.

Baada ya pilau, Profesa alimshika mkono taratibu, akamwongoza hadi nyuma ya mahema, penye matangi ya maji. Hapakuwa na mtu. Mungu alikuwa amemfungulia njia mwenyewe. Akakitoa kibuyu chini ya joho.

"Shikamoo, mama," alisema Profesa, ingawa walishaamkiana asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Nina neno langu..."

"Usiseme, mama. Nimekiona hicho kibuyu toka asubuhi, nimemshukuru Mungu." Alikuwa amepiga magoti, joho lake likiburuzika vumbini. "Chumba cha baridi kilizimika mwaka juzi, wiki mbili hakuna umeme. Ile mbegu yako tumeipanda yote. Haikuota hata moja. Niliona haya kuja kwako mikono mitupu, nikakupigania kwanza hii shahada."

Akachomoa mfuko wa kitambaa, ule ule, akaufungua mdomo na kuulaza gotini. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, kama bibi alivyomfundisha, akakipokea kibuyu.

Kilikuwa chepesi.