Funza wa Mzee Rugemalira

Mguu wa Mzee Rugemalira ulikuwa umeoza hadi karibu na goti. Dawa aliijua mwenyewe, maana kabla ya kupofuka alikuwa bwana mifugo: funza wa nzi. Kuna nzi wawili wanaofanana kama mapacha. Funza wa mmoja hula nyama iliyokufa tu, wakiacha kidonda safi. Funza wa mwenzake hula nyama hai, wakichimba kuelekea mfupani. Hao wana mistari miwili myeusi mkiani, myembamba kama unywele.

"Umewatazama vizuri?" aliuliza.

"Nimewatazama, baba," alijibu Kemilembe, binti yake.

Ni baba aliyemfundisha kuwatofautisha, tangu akiwa mtoto. Alikuwa akimwekea funza mmoja kwenye sahani, na binti alitakiwa kutandaza vidole mezani kabla ya kujibu. Akikosea, fimbo ilishuka. Vidole viwili havikunyooka tena.

Kemilembe akawamimina funza kidondani, akafunga kitambaa, akakaza.

"Wana mistari?"

Kemilembe aliinuka. Aliichukua ile fimbo iliyotundikwa ukutani, akasogeza stuli kando ya kitanda.

"Niambie wewe, baba. Hawa ni wepi?"

Mzee aliusikilizia mguu wake. Kitu kilitambaa ndani, kikatulia, kikaanza kula. Kisha akaipapasa stuli, na taratibu akatandaza vidole vyake juu yake.