Bi Zaina Apelekwa Kitengo cha Watoto

Mimi na Sefu tulipoachana hatukugombea nyumba wala vyombo. Tulimgombea mama yake, Bi Zaina, ambaye ni mimi ninayemuogesha na kumlisha, na ambaye mwanawe sasa anataka kumhamishia Dodoma.

Siku hizi kesi za familia hazipangwi na karani. Kuna mtambo kwenye dari ya kila nyumba unaosikiliza watu wakigombana, kisha unaamua kesi iende kitengo gani cha mahakama. Mimi nilitarajia Talaka, Sefu alitarajia Mali. Mtambo ukatupeleka Watoto.

"Mimi mtoto?" Bi Zaina alifoka alipoona twiga waliochorwa ukutani na viti vifupi vya rangirangi. "Huo mtambo wenu una wazimu!"

"Mama, tutakata rufaa," Sefu akasema.

"Hebu nyamaza!"

Hata mimi nilichukia. Mtambo unisikilize nikimbembeleza mkwe wangu anywe uji, halafu uje kumdhalilisha mbele za watu!

Hakimu, mwanamke kijana, akatuambia mimi na Sefu tukae nyuma, kwani kitengo hiki humsikiliza kwanza anayegombewa. Kisha akachuchumaa mbele ya Bi Zaina.

"Shikamoo, bibi. Wewe mwenyewe unataka kukaa na nani?"

Miezi yote ile ya kelele, si mimi wala Sefu aliyewahi kumuuliza.

Bi Zaina akauweka sawa mtandio wake.

"Marahaba. Niulize tena, mwanangu. Kwa sauti, na hawa wasikie."