Vinywa vya Muhogo

Mama yake alikuwa ameshafukua shina la kwanza la muhogo Emérance alipotoka ndani, hadubini ya shule mkononi.

"Imekufa, mutoto yangu," mama alisema, jembe likiwa juu. "Tangu mwezi ya ine, Aprili, mvula haiyanyesha. Tutangoya nini tena?"

"Ungoye kidogo, mama."

Alfajiri Emérance alikuwa amepaka rangi ya kucha, ile angavu kama maji, chini ya jani moja la shina hilo, na adhuhuri hii jani la pili. Sasa aliibandua ilipokauka, ngozi mbili nyembamba kuliko za kitunguu, zenye chapa ya majani, akazilaza kwenye vioo na kuielekeza hadubini kwenye mwanga.

Vinywa ambavyo jani hupumulia alikuwa amewachorea wanafunzi wake ubaoni miaka tisa bila kuviona. Vya alfajiri vilikuwa wazi, mamia kwa mamia. Vya adhuhuri vyote vilikuwa vimefumbwa.

Akampisha mama, aliyechuchumaa na kufumba jicho moja.

"Hii njo muhogo ileile?"

"Ndiyo, njo ile. Jua ikipanda inafunga vinywa, ili maji isitoke. Haiyakufa, inangoya."

"Kila siku?"

"Kila siku, tangu mwezi ya ine."

Mama alilamba midomo yake iliyopasuka. Kisha akaweka jembe kando, akapiga magoti, na kwa viganja vyote viwili akaanza kulirudishia shina udongo wake.

"Pole," akaliambia.