Kopo Moja la Mume

Siku hizo watu wa Morogoro walisafiri kwa mabomba. Msafiri aligeuzwa mvuke stesheni, akifika nyumbani akapoa kuwa maji ndani ya beseni, kisha akaganda taratibu mpaka akawa mtu tena.

Jioni moja ya joto kali, Mkude alikawia kuganda. Mkewe, Semeni, alilipepea beseni kwa ungo mpaka mkono ukachoka. Alipokwenda jikoni kugeuza samaki, mama mkwe wake akaingia, akaona maji yamekaa bure, akachota kopo moja na kumwagilia mchicha.

"Mama! Huyo ni mwanao!" Semeni akapiga kelele.

"Mungu wangu! Mbona hakusema?"

"Angesemaje, mama, na mdomo bado hana?"

Wakachimbua udongo, wakaukamua kwa kanga, lakini ardhi ilikuwa na kiu. Mkude alipoganda hatimaye, viungo vyake vyote vilikuwa mahali pake. Ila harusi yao hakuikumbuka hata kidogo.

Mama mkwe akaaga haraka. Semeni akaketi karibu na mumewe, akamsimulia harusi nzima, na mwishoni akatia chumvi: "Kisha ukaapa mbele ya wazee kwamba vyombo utaosha wewe, maisha yako yote."

Mkude akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Acha hizo, mke wangu. Uongo wa namna hiyo nilikupa mimi, mwaka ule ulipomwagika wewe."

Semeni naye akacheka, kisha akaligeukia beseni tupu. Hakukumbuka kumwagika hata siku moja.