Njia ya Mkato kwa Binti

"Iondoe hiyo picha!"

"Siiondoi, Mama Mkubwa. Ukiiondoa utampataje binti yako?"

"Kama siku zote. Naandika anwani mwenyewe, herufi kwa herufi."

"Juzi uliruka herufi moja ukaangukia duka la matairi. Ulitaka kumtumia salamu au tairi la mbele?"

Mama Mkubwa hakucheka. Alikaa mbele ya kompyuta, mikono yake mipana, iliyokanda unga wa mikate miaka thelathini, imelala mapajani. Nyuma yake alisimama mtoto wa shemeji yake, ambaye kila mtu alimwita Fundi. Alikuja kumzika baba yake mkubwa, watu wakatawanyika, yeye akabaki. "Namsaidia mama," aliwaambia majirani.

Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa amepanga picha tatu: jua la utabiri wa hali ya hewa, msalaba wa kliniki, na bahasha. Chini ya bahasha kaandika BINTI.

"Hizi ni njia za mkato. Shika kipanya, bofya mara mbili, umefika."

"Nyumba hii panya hashikwi, anategwa."

"Haya, cheka basi. Bofya."

"Na ikinipeleka siko?"

"Itakupelekaje siko na nimeitengeneza mimi?"

Akaguna. Akabofya.

Jua na msalaba vilikwenda vilikoandikiwa. Bahasha haikwenda. Kuandika jina chini ya picha, hilo hata mtoto anaweza. Picha inaelekea wapi, anajua aliyeitengeneza. Hii ilifungua ukurasa ambao Fundi aliuchonga siku mbili nzima, ukafanana na ule wa barua wa siku zote kama pacha na pacha. Kila neno la Mama Mkubwa lilitua kwenye simu ya Fundi. Na majibu yalitoka humohumo.

Alichotaka ni kimoja tu, hati ya nyumba. Keshaisaka kabatini, chini ya godoro, rafuni. Huko rafuni, chini ya redio, alikuta kadi ya posta iliyofubaa: "Dada, nimefika salama, baridi ya huku usiseme." Ya mdogo wake fulani, akasema moyoni, akairudisha. Mama Mkubwa hakumwamini mtu ila mwanawe wa pekee, aliyekulia kwa bibi yake mzaa mama, nyumba imejaa wajomba na mama wadogo, kisha akaenda kufanya kazi ng'ambo.

Basi Fundi akawa binti.

Jibu la kwanza lilikuwa fupi: "Mama mpendwa, nimefurahi kukusikia." Mama Mkubwa alilisoma kwa sauti, mara mbili.

"Mama mpendwa," akarudia, kidole kwenye kioo. Machozi yakamlengalenga. Fundi alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Furaha hiyo, akasema moyoni.

Tangu siku hiyo ugomvi ukaisha. Kila asubuhi Mama Mkubwa alibofya bahasha. Aliandika habari za mguu wake, za mvua, za Fundi: "Anakula kama mashine ya kusaga, lakini ana adabu." Fundi akasoma chumbani kwake, akacheka mpaka akajiziba mdomo. Wiki ya tatu akauliza, kama mtu anayepita tu: "Mama, hati ya nyumba iko salama? Usije ukasahau uliiweka wapi."

Siku mbili kimya. Fundi hata chakula kikamshinda.

Jumatatu, siku ya kliniki, simu ikatetemeka: "Mwanangu, iko stoo ya unga, nyuma ya pipa la mwisho, kwenye kopo la hamira. Fundi asijue."

Alipotoka chumbani alimkuta Mama Mkubwa anajifunga kilemba, mkoba begani.

"Nachelewa foleni. Uangalie nyumba, Fundi."

"Nenda salama, Mama. Nyumba iko mikononi mwangu."

"Najua iko mikononi mwa nani," akasema, akatoka.

Stoo ilikuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya tanuri lililopoa tangu msiba. Kuta za bati nene, mlango wa chuma, kitasa na komeo nje tu. Marehemu aliutengeneza hivyo kwa ajili ya panya. Fundi akauzuia kwa tofali usijifunge, akawasha tochi ya simu, akaingia. Mtandao ukakatika palepale. Mle ndani simu haikuwahi kushika.

Mapipa manne. Nyuma ya la nne, kopo. Lilikuwa jepesi mno. Kifuniko kikagoma, akakibandua kwa meno, akamulika.

Kadi ya posta. Ileile ya rafuni. "Dada, nimefika salama."

Huko nyuma, tofali likaburuzwa sakafuni. Mlango ukajibamiza.

"Mama Mkubwa! Upepo umefunga mlango!"

Kisha komeo likasukumwa, taratibu, mpaka mwisho. Upepo hausukumi komeo.

"Mama! Nilikuwa natafuta panya!"

"Hata mimi."

"Fungua basi! Mwanao akisikia hivi—"

"Keshasikia. Nilimwandikia, herufi kwa herufi. Anafika Ijumaa, atakufungulia yeye." Sauti ilikuwa karibu kabisa na chuma, wala haikupanda. "Mwanangu huniita Dada, kama alivyosikia kwa wajomba zake."

Akageuka. Fundi akazisikia ndara zake zikivuka ua, bila haraka, zikienda kuwahi foleni ya kliniki.